Sura ya Sita: Kichwa cha Kerezo na Mashahidi Wake

Kabla ya kerezo la chuma kuingia katika karakana zetu, watu wa pwani walikwisha kulizoea kerezo la mti, lile lililotoa miguu ya vitanda na nguzo za kingo za ngazi. Na mkerezaji wa zamani, mguu wa kitanda ukimtoka mnene upande mmoja kuliko wa pili kwa kadiri ya unywele, hakuwa na sababu ya kukosa usingizi, kwani hata mwenye jicho kali asingeutambua upungufu huo, na kitanda kingemlaza bwana na bibi kwa raha ile ile. Mkerezaji wa chuma hakujaliwa anasa hiyo. Ekseli aliyoikereza itaingia katika beringi, na beringi haina huruma wala haya: unene uliozidi kwa unywele utaizuia isiingie, na wembamba uliozidi kwa unywele utaifanya icheze, na ikichezacheza itakula yenyewe na kuila nyumba yake, hata mwenye pampu au gari arudi mlangoni akiwa amekunja uso. Kwa ajili hiyo, malalamiko makubwa yasikiwayo katika karakana ni haya, kwamba fimbo iliyokusudiwa iwe sawasawa toka mwanzo hata mwisho imetoka na umbo la pia. Na aghalabu, kabla ya uchunguzi wowote, kidole huelekezwa kwenye kichwa cha kerezo.

Kichwa ni lile sanduku zito la chuma cha kusubu likaalo kushoto kwa fundi. Ndani yake mna spindeli izungukayo juu ya beringi zake, na kwenye ncha ya spindeli hufungwa taya za kuikamata kazi. Chini ya kichwa mna kitanda, chenye njia ndefu zilizonyoshwa, na juu ya njia hizo huteleza kigari kilichobeba kisu. Upande wa kulia kuna mkia, ambao kazi yake ni kuishika ncha ya pili ya fimbo ndefu. Mtu akitaka kujua ubora wa kerezo zima kwa swali moja, na aulize kama mhimili wa spindeli, yaani ule mstari usioonekana ambao kazi huuzunguka, unakwenda sambamba na njia ya kigari. Ukienda sambamba, kisu hubaki umbali ule ule toka kwenye mhimili mwanzo hata mwisho, na fimbo hutoka sawa. Ncha ya mhimili ikielekea nyuma, mbali na fundi, kisu huzidi kuachwa kadiri kinavyoelekea kulia, na fimbo hunenepa mwishoni. Ikielekea mbele, kwa fundi na kisu chake, fimbo hukonda mwishoni.

Hapa imempasa msomaji atofautishe pande mbili ambazo mhimili waweza kupotokea, kwa kuwa madhara yake hayalingani hata kidogo. Tuchukue kazi yenye kipenyo cha milimita 40, yaani nusu kipenyo chake ni 20. Kisu kikiwa kimeachwa kwa upande, mbele au nyuma, kwa milimita 0.1, kiasi hicho huingia chote katika nusu kipenyo, na katika kipenyo huhesabiwa mara mbili, ikawa 0.2. Lakini kosa la milimita 0.1 likiwa la juu au chini, nusu kipenyo huongezeka kwa milimita 0.00025 tu, kiasi ambacho hakuna maikromita ya karakana iwezayo kukisoma. Kwa hiyo fundi mwenye siku moja ya kulishughulikia kerezo lake, na asiitumie nusu ya siku hiyo kuhangaikia kimo cha mhimili. Upotofu wa ubavuni ndio unaoharibu kazi.

Mtu aliyeyaandika mambo haya yakawa kanuni alikuwa Mjerumani, Georg Schlesinger, aliyezaliwa Berlin mwaka 1874 na kukabidhiwa mwaka 1904 kiti cha ualimu wa mashine za kukatia chuma katika chuo cha ufundi cha Charlottenburg. Kabla yake kila kiwanda kilikuwa na mizani yake: muuzaji akidai kerezo lake ni sahihi, na mnunuzi akidai si sahihi, hapakuwa na hati ya kuamua baina yao. Mwaka 1927 Schlesinger alitoa kitabu cha kupimia mashine hizo, akataja kila kipimo kipimwe wapi, kwa chombo gani, na kosa lisizidi kiasi gani, na mpaka leo vyeti vinavyofuatana na makerezo mapya vina harufu ya kitabu hicho. Yeye mwenyewe hakuachwa aifaidi heshima yake kwao. Alikuwa Myahudi, mwaka 1933 utawala mpya ulimtia kizuizini, na alipotoka akahama nchi, akapitia Uswisi na Ubelgiji, akaishia Uingereza, alikofariki mwaka 1949.

Jambo la shani katika kanuni zake ni kwamba hakuagiza mhimili uwe sambamba kabisa. Kwa kerezo la kawaida aliruhusu ncha ya fimbo ya kupimia yenye urefu wa milimita 300 ipande juu kwa milimita 0.02, lakini isishuke. Na kwa upande wa ubavuni ielekee mbele, kwenye kisu, kwa kiasi hicho hicho, lakini isielekee nyuma. Mwanagenzi asomapo hayo hudhani ni upendeleo wa bure, ilhali sababu yake ni dhahiri: kazi nzito iliyofungwa katika taya huivuta spindeli chini, na kisu kinapokata huisukuma kazi nyuma, tena miaka ya kazi na ulaji wa beringi husukuma kuko huko. Basi anayelitengeneza kerezo leo huliegemeza kidogo upande ule ambao kesho litakuja kusukumwa kutoka kwake. Kumbuka mwelekeo huo, maana tutauhitaji.

Nimeanza na sheria. Sasa nieleze tulivyoivunja. Katika karakana moja nilimojifunza kazi, kerezo lilihamishwa toka upande huu wa jengo hata upande wa pili, likaburutwa juu ya mabomba siku nzima, na juma lililofuata kila fimbo tuliyoikereza ikatoka pia. Kwenye urefu wa milimita 150 kipenyo cha ncha ya nje kilizidi cha ndani kwa milimita 0.12. Sisi vijana hatukuwa na shaka kwamba kichwa kimetikisika njiani. Mmoja wetu alikwisha kuitia spana kwenye bolti ya kwanza ya kichwa, fundi wetu mkuu alipoingia.

"Nani kawaambia kichwa ndicho?" akauliza.

"Mzee, tazama mwenyewe, fimbo imetoka pia."

"Nimeiona. Rudisheni spana mahali pake. Kichwa kilifungwa na watu waliokuwa na vipimo msivyovijua. Kitanda mmekifunga nyinyi, juma lililopita."

Maneno hayo machache yana elimu nyingi. Kitanda cha kerezo, kwa uzito wake wote, si jiwe. Kikiwekwa juu ya miguu minne ambayo mmoja wake haukugusa chini sawasawa, kisha bolti zikakazwa, hujipinda kama ukanda wa ngozi, japo mpindo wenyewe hauonekani kwa macho. Kigari kinachotembea juu ya njia zilizopinda huinama mbele au nyuma kadiri kinavyokwenda, na kwa kuwa kisu kipo juu ya njia kwa kimo kizuri, kuinama kidogo kwa kigari huwa kupotoka kukubwa kwa kisu. Fimbo itatoka pia hata kama kichwa ni sahihi kama kilivyotoka kiwandani.

Mzee alileta pimamaji lake, si lile la mwashi, bali la fundi mitambo, ambalo mstari mmoja wa kioo chake ni tofauti ya milimita 0.02 kwa mita. Akaliweka kukatiza njia karibu na kichwa, akasoma. Akalihamisha kwenye mwisho wa kitanda, bila kuligeuza, akasoma tena. Hakuwa akitafuta kitanda kilichotulia kama maji ya kisimani. Alitafuta usomaji ule ule katika ncha zote mbili. Kerezo halijali likiinamishwa zima, na makerezo ya melini hukereza vyema ilhali meli yenyewe haitulii. Linachokikataa ni kusokotwa. Letu lilikuwa limesokotwa. Kwa kuwa fimbo ilinenepa upande wa nje, tuliinua mguu wa mbele wa upande wa mkia kwa vipande vya bati, kigari kikainamia nyuma kidogo kule mwishoni, na kisu kikaisogelea kazi. Mguu wa mbele, upande wa mkia: fimbo ikinenepa nje, uinue, ikikonda, ushushe. Adhuhuri haijafika, 0.12 ikawa 0.05.

Ama hiyo 0.05 iliyobaki, pimamaji halikuwa na la kusema juu yake, maana ncha zote mbili zilisoma sawa. Hapo ndipo mzee alipokubali kukiita kichwa mbele yake, lakini kwa mashahidi watatu, wala si mmoja.

Shahidi wa kwanza ni kisu chenyewe. Hufungwa katika taya fimbo ya chuma kinachokatika vizuri, itokeze milimita 150 hivi, na mkia usihudhurie kabisa, kwani mkia una makosa yake na ukiishika ncha ya fimbo utayachanganya na ya kichwa hata usijue la nani ni lipi. Katikati ya fimbo hupunguzwa ili zibaki pete mbili, moja karibu na taya na nyingine kwenye ncha, na kisu kikali hupitishwa juu ya pete zote mbili kwa mkato mwembamba mno, bila kugusa gurudumu la kukiingiza. Kisha maikromita hulinganisha vipenyo.

Wengi huupotosha ushahidi huu kwa kuchagua fimbo nyembamba. Fimbo ya pua yenye kipenyo cha milimita 25, ikitokeza 150 na kusukumwa kwenye ncha kwa nguvu kama ya uzito wa kilo tano, huinama kwa takriban milimita 0.014, na kuinama huko huonekana katika kipenyo mara mbili yake. Fundi ataapa kwamba kichwa kimepotoka, na kumbe ni fimbo iliyokikimbia kisu. Yenye kipenyo cha 40 huinama milimita 0.002 tu kwa nguvu ile ile. Unene wa fimbo huupigania ukweli kwa nguvu zaidi kuliko ustadi wa mpimaji. Kadhalika joto: kipenyo cha milimita 40 kikipata nyuzi 10 za Selsiasi juu ya mwenzake huongezeka karibu milimita 0.005, na pete iliyokatwa sasa hivi si baridi kama iliyokatwa mwanzo. Iachwe ipoe. Na kerezo lenyewe lizungushwe nusu saa kabla ya kuanza, kwa sababu beringi zikipata moto kichwa nacho huvimba, na kipimo cha asubuhi hakiwi cha mchana.

Shahidi wa pili hakati kitu. Mafundi wa Marekani huiita njia hii ya baba yake Rollie, na uzuri wake ni kwamba haidai fimbo ya kupimia ya thamani. Fimbo yoyote yenye unene mmoja yafaa, hata ikiwa imepinda kidogo na taya hazikuishika katikati. Saa ya kupimia hufungwa juu ya kigari, ncha yake iguse ubavu wa fimbo karibu na taya, upande wa kisu, kwa kimo cha mhimili. Spindeli huzungushwa kwa mkono mzunguko mmoja, na fundi huandika usomaji mkubwa na mdogo. Nusu ya jumla ya nambari hizo mbili ndiyo mahali pa mhimili hasa, kwa kuwa kila kosa la fimbo lililoisukuma saa huku limeivuta huko kwa kiasi hicho hicho, yakafutana. Kigari husogezwa hata ncha ya nje, mambo yakarudiwa. Wastani wa nje ukilingana na wa ndani, mhimili u sambamba. Usipolingana, tofauti yake ndiyo kosa la kichwa kwa urefu huo. Saa ikihamishiwa juu ya fimbo, njia ile ile hutoa kosa la kimo. Nimekutana na watu walionunua fimbo za kupimia za fedha nyingi, wakazitia katika tundu la spindeli lenye takataka, wakasoma uongo kwa gharama kubwa. Mwenye kipande cha fimbo na kalamu ya risasi aliwashinda.

Shahidi wa tatu ndiye nimpendaye, kwa kuwa yeye hutenga kosa la kichwa na kosa la kitanda, ambayo mashahidi wawili wa kwanza huweza kuyachanganya. Sahani ya chuma hufungwa katika taya, na uso wake hukatwa kwa kisu kinachotembea kukatiza kitanda, toka ukingoni hata katikati, kigari kikiwa kimekazwa mahali pamoja. Kitanda kilichosokotwa hakikidhuru sana kipimo hiki, kwa kuwa kigari hakitembei. Lakini kichwa kilichogeuka huonekana mara moja, maana uso hautoki bapa. Mhimili ukielekea mbele, uso hutoka na shimo dogo katikati. Ukielekea nyuma, hutoka na kitovu. Basi fimbo ikitoka pia na uso ukabaki vile vile ulivyokuwa siku zote, tazama miguu. Fimbo ikitoka pia na uso ukabadilika kwa kiasi kinacholingana nayo, kichwa hakina wakili tena.

Wenye kukipima uso huo huanguka katika mtego mmoja ambao hata mimi niliangukia. Ukiifunga saa mahali pa kisu na kuipitisha toka ukingoni hata katikati, haitatikisika hata kidogo, uso uwe na shimo au kitovu. Itakuwa imefuata njia ile ile iliyofuatwa na kisu, na mtu hawezi kumsuta shahidi kwa maneno yake mwenyewe. Yakupasa uivushe saa katikati, uende nayo upande wa pili wa sahani, mbali na fundi. Huko kosa husomeka, tena mara mbili ya kiasi chake. Kwenye sahani yetu ya kipenyo cha milimita 200, saa ilisoma kitovu cha milimita 0.03 na ushei. Mzee alichukua karatasi akapiga hesabu: 0.05 ya kipenyo ni 0.025 ya upande katika urefu wa 150. Katika nusu kipenyo cha sahani, 100, ni 0.017, mara mbili, 0.033. Mashahidi wamekubaliana.

Kukirekebisha kichwa ni kazi fupi kuliko kukichunguza, lakini hutegemea kimekaaje. Vichwa vingine vimekalia njia ya mgongo wa pembe, na hivyo bolti zake huvikaza tu, hazivigeuzi. Aliyekilegeza kichwa cha namna hiyo akitumaini kukisogeza hatapata ila kukirudisha pale pale, kikiwa na uchafu mpya chini yake. Hicho hunyoshwa kwa kukwanguliwa makalio yake kwa mkono, kwa rangi ya buluu na subira, ufundi ambao Joseph Whitworth aliutetea mbele ya wataalamu mjini Glasgow mwaka 1840 dhidi ya wale waliosugua chuma kwa chuma na unga wa msasa; na asiyewahi kukwangua asianzie kwenye kichwa cha kerezo. Vingine hukalia njia bapa na huwa na skrubu za ubavuni za kuvisukuma. Cha kwetu kilikuwa cha namna hii ya pili.

Kiasi cha kusogeza hakikisiwi, huhesabiwa. Makalio ya kichwa chetu yalikuwa na urefu wa milimita 300, nasi tulitaka si kufuta 0.025 tu, bali kuivusha ncha mbele kidogo, kama Schlesinger alivyoelekeza, tuseme 0.005, jumla 0.03 kwa kila 150, yaani 0.06 kwenye mwisho wa makalio. Tulifunga saa nyuma ya kichwa ili tuone kinavyosogea, tukazilegeza bolti kiasi cha kukifanya kitii bila kuruka, na kabla ya kukisukuma mzee akaagiza kinyanyuliwe. Kwenye ukingo unaokiongoza, nyuma, palikuwa na utando wa rangi ya kijivu, ile iliyopakwa kitandani na mtu wa zamani asiyejali, ukapondwa bapa kama karatasi. Tukaukwangua, tukafuta kwa kitambaa kisicho na nyuzi, tukakiketisha kichwa tena. Sehemu kubwa ya kosa ikaondoka pamoja na rangi hiyo, na skrubu zikamaliza kilichobaki.

Bolti zisikazwe moja mpaka mwisho ndipo ifuate nyingine; zikazwe kwa kukingamana, kidogo kidogo, na saa itazamwe kila mara, kwa kuwa kukaza nako husogeza, na kipimo kilichochukuliwa kabla ya kukaza si kipimo. Sipendi desturi ya kutia karatasi ya sigara chini ya kichwa, ingawa nimeiona ikisifiwa: karatasi hunywa mafuta na kukonda, na mwezi wa pili kosa hurudi likiwa na sura nyingine. Ikibidi kutia kitu, kiwe bati jembamba la kipimo kinachojulikana, na liandikwe mahali.

Tulikereza pete mbili tena jioni ile, tukaziacha katika taya usiku kucha zipoe pamoja na kerezo. Asubuhi pete ya ndani ilisoma milimita 38.42, na ya nje 38.41.